Mama mwalimu, baba mkuu wa shule wa jina

Kijana wangu wa kwanza, tunayemsomesha nyumbani, alikuwa na miaka 11 siku tulipofika Yoshua sura ya 6 kwenye ibada ya asubuhi, ile ya kuta za Yeriko. Wadogo zake wawili walishaanza kuzunguka meza wanapiga tarumbeta za mdomo, mama yao anawaambia kaeni chini, na yeye kabaki kimya kaweka kidole kwenye mstari wa 21, ule unaosema waliangamiza vyote vilivyokuwemo mjini, wanaume na wanawake, vijana na wazee. Akaniuliza, "Baba, na watoto wachanga je, walikosa nini?" Mimi saa hiyo funguo ziko mkononi, nimeshachelewa kazini, nikamjibu kama nilivyokuwa najibiwa mimi utotoni: usimhoji Mungu, endelea kusoma. Akaendelea kusoma. Kuanzia siku ile kila nikiuliza leo tumejifunza nini, ananijibu "kumtii Mungu". Iwe Yona, iwe Ruthu, iwe yale majina yasiyoisha ya kitabu cha Hesabu, jibu ni hilo hilo, na mimi nasema amina naondoka zangu nikijua kipindi kimeisha vizuri.

Nalikumbuka lile jambo kila nikisikia watu wanabishana kuhusu kusomesha watoto nyumbani, manake mabishano yenyewe huwa yanazunguka pale pale, ataishije na wenzake, nani atamfundisha kemia, mitihani atafanyia wapi. Ni maswali ya maana, siyapuuzi. Ila kwa familia ya Kikristo yenye watoto wa kiume mi naona shimo kubwa haliko huko, liko kwenye nani anafanya nini humo ndani. Mama ndo mwalimu wa masomo yote, ndo anaongoza ibada siku baba hayupo (na siku hizo ni nyingi kuliko tunavyosema kanisani), ndo anakagua madaftari, ndo anagombana na watu kuhusu kupiga mswaki, halafu baba ana cheo. Mkuu wa shule. Akiulizwa anasema "sisi tunasomesha nyumbani", hiyo "sisi" ukiichunguza ni mtu mmoja na nusu, na nusu yenyewe inarudi jioni imechoka.

Hebu mwangalie mtoto wa kiume wa miaka 9 anaona nini kwenye mpango huo. Toka asubuhi vitabu ni mama, Biblia ni mama, kufagia ni mama, kuombana msamaha ni mama. Mwanaume wa nyumba anatoka, anarudi, anakaa, anauliza nani kasumbua leo. Hakuna aliyemfundisha kwa mdomo lakini ameshaelewa vizuri sana, kwamba kusoma na kuomba ni mambo ya kina mama na watoto wadogo, mtu akishakua anaachana nayo anaenda kwenye shughuli zake. Halafu akifika miaka 13 anaanza kuja kwenye ibada anaburuza miguu, tunasema dunia imemwingia. Imemwingilia wapi wakati hajatoka nyumbani? Ni sisi, tena tumemfundisha kwa vitendo, na hilo ndo somo ambalo hakuna siku hata moja liliahirishwa.

Wengi tunaanza safari hii kwa Kumbukumbu la Torati 6, tunaiandika kabisa ukutani: "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Nilikaa na mstari huu miaka bila kuona kilichomo. Hizo saa nne zilizotajwa, hakuna hata moja ambayo ni saa ya kipindi. Utembeapo njiani hakuna daftari. Na ulalapo na uondokapo, yaani usiku watu wakienda kulala na asubuhi wakiamka, ndo saa zile zile ambazo hata baba mwenye kazi ngumu kuliko wote anakuwepo nyumbani. Mimi usiku nilikuwa naangalia simu na asubuhi natafuta funguo. Waefeso 6:4 nayo haikuzunguka, imesema "akina baba", ikaanza na onyo kabla ya agizo, msiwachokoze watoto wenu, na Wakolosai 3:21 ikatoa sababu, wasikate tamaa. Mtoto aliyekata tamaa sio lazima apige kelele, mwingine anakuwa mtulivu sana, anajibu "kumtii Mungu" na wageni wanamsifia.

Wababa wa jioni tuna mstari wetu mwingine tunaoupenda, ule wa fimbo, Mithali 13:24. Tunaupenda kwa sababu fimbo ni kazi ya dakika tano. Ila Biblia hiyo hiyo ina Daudi, mtu wa zaburi, ambaye 1 Wafalme 1:6 inasema hakuwahi kumuudhi mwanawe Adonia kwa kumuuliza mbona umefanya hivi, na ina Eli ambaye alisikia kila kitu walichokuwa wanafanya wanawe Hofni na Finehasi pale hekaluni na hakuwazuia. Hao sio wababa waliokosa cheo. Mmoja mfalme, mwingine kuhani. Walikuwa na kazi nyingi za Mungu, kama tunavyosema siku hizi.

Kilichonifungua macho haikuwa mahubiri. Mama watoto alilazwa wiki mbili, ikabidi nichukue likizo nikae na darasa mwenyewe. Nikaingia na akili ya mkuu wa shule, nikapanga vipindi vya dakika 40, nikaweka saa mezani, kila mtu kwenye kiti chake mgongo umenyooka. Siku ya kwanza mtoto wa pili, ana miaka 9, yuko kwenye hesabu za kugawanya, dakika ya kumi mguu unatikisika, dakika ya kumi na tano penseli imeanguka, dakika ya ishirini hayupo, kainama kuokota penseli hajarudi. Nikaanza kumsemea toka huku juu, kwamba hana nidhamu, kwamba mama yake kamdekeza, nikasema mengi tu. Nilipoinama kumtoa nikakuta amelala kifudifudi sakafuni, daftari mbele yake, ulimi umetoka pembeni kama anachonga kitu, na zile hesabu saba amemaliza sita. Mezani alikuwa amefanya moja, tena ameikosa.

Nikamwacha pale chini. Nilijisikia vibaya kidogo, kusema kweli, maana sijui ni maneno mangapi ya namna ile nilishawahi kumwambia juu ya kichwa chake.

Hili la miili ya wavulana watu wanaliongelea kwa namna mbili ambazo zote zinanichosha. Wa kwanza anasema mvulana ni mvulana, mwache, akivunja vitu ndo uanaume. Wa pili anataka mtoto wa kiume akae kama dada yake, asipokaa basi ana tatizo. Vipimo vya PISA, mtihani wa kulinganisha elimu ya nchi mbalimbali ambao OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa mataifa, inafanya tangu 2000 kwa vijana wa miaka 15 nchi nyingi duniani, kila awamu wasichana kwa wastani wamewazidi wavulana kwenye kusoma, na wavulana ndo wanaoambiwa zaidi kuwa wana tatizo la umakini na utundu uliopitiliza. Tafiti za nchi tofauti tofauti pia zimeonyesha kwamba wale walio wadogo kiumri ndani ya darasa lao ndo wanapewa hilo jina la tatizo mara nyingi zaidi kuliko wenzao wakubwa, maana yake kuna mahali tunachokitibu ni tarehe ya kuzaliwa. Wastani ni wastani lakini, kuna wavulana wanasoma vitabu vinene wakiwa na miaka 6 na kuna wasichana hawakai kwenye kiti.

Raymond na Dorothy Moore, mke na mume Wasabato wa Marekani, walianza kulisema hili miaka ya 1970, kwamba masomo rasmi yacheleweshwe hata mpaka miaka 8 au 10, na kwamba wavulana ndo wanaoumia zaidi wakiwahishwa. Kabla yao kule Uingereza mwalimu Charlotte Mason (1842 hadi 1923), ambaye wala hakuwahi kuolewa na hakuwa na mtoto, alishasema watoto wadogo wapewe vipindi vifupi visivyozidi dakika 20, wawe nje saa nyingi, na badala ya maswali ya kujaza nafasi mtoto asomewe mara moja tu halafu asimulie mwenyewe alichosikia. Hilo la kusimulia nililijaribu wiki ya pili. Wa pili huyo huyo wa chini ya meza alinisimulia habari ya Gideoni akiwa anadundisha mpira ukutani, hakuruka kitu, mitungi, mienge, wale 300, akaongeza na sauti. Nikimweka kwenye kiti na kumpa maswali ya kuandika anakumbuka jina la Gideoni basi.

Kinachonikera ni sisi tuliotoa watoto shuleni kwa maelezo mazuri sana kwamba mtoto sio mashine, halafu tumejenga shule ile ile sebuleni. Kengele, madawati, saa ya mapumziko. Kitu pekee tulichopunguza ni wenzake wa kucheza nao.

Upande wa pili kuna hatari yake, na niseme hapa kwa sababu watu wakisikia "kuchelewesha" wanafurahi. Mtoto wetu wa mwisho alifika miaka 7 hajui kusoma, mama yake analia usiku, ndugu wanatuuliza kwa adabu ile ya kuumiza, "hivi huyu bado hajaanza shule?" Tulimpeleka kupimwa macho, masikio, na mtaalamu wa kuangalia watoto wanaopata shida na herufi. Hakuwa na kitu, alikuwa hajafika tu, akaja kusoma karibu na miaka 9 ndani ya miezi michache utadhani alikuwa anajificha. Lakini tungekuta kitu je? Kuna watoto ambao herufi zinawasumbua kweli na wanahitaji mtu anayejua kuwafundisha kwa namna yao, na mzazi anakaa anasema Mungu ana wakati wake. Kusubiri bila kupima ni uzembe tu umevalishwa kanzu ya imani.

Turudi kwa wiki zile mbili. Siku ya nne au ya tano tulikuwa Ruthu, nikamuuliza yule mdogo amejifunza nini. Akaangalia dari, hajui. Kaka yake mkubwa akamwinamia sikioni, kwa sauti ambayo nadhani alidhani ni ya chini, akamwambia, "Sema kumtii Mungu. Baba hapendi maneno mengi." Na mtoto akasema kumtii Mungu. Nilitakiwa kusema amina.

Mwaka mzima nilikuwa najisifu kwamba kijana wangu ametulia kiroho. Kumbe alishajua jibu linalomtoa baba mlangoni, na sasa anamrithisha mdogo wake. Na ukifungua Luka 2 utakuta Yesu, kijana wa miaka 12, amekaa hekaluni katikati ya waalimu anawasikiliza na kuwauliza maswali, na siku hizi tunahubiri zaidi habari za wazazi waliokuja kumtafuta kuliko maswali yake. Sisi tunaweka mkazo kwenye mstari wa 51, alirudi Nazareti akawatii wazazi wake. Sawa. Lakini 46 ilitangulia. Na mstari wa mwisho wa sura unasema akazidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu, kwa hiyo maswali hayakumharibu.

Nikitaja jambo hili kwa wenzangu lazima mtu amtaje Susanna Wesley. Ni shujaa wetu wote, mama wa John na Charles Wesley walioanzisha Umethodisti, amezaliwa 1669 amekufa 1742, alizaa 19 na walioishi kukua ni 10, mume mchungaji mwenye madeni aliyewahi kufungwa kwa hayo madeni, nyumba imeungua, na bado anafundisha watoto saa sita kwa siku. Mtoto akifika miaka 5, kesho yake anajifunza herufi zote siku moja, halafu anaanza kusoma Mwanzo 1. Mwaka 1732 alimwandikia John barua akieleza utaratibu wake, na kuna kitu kidogo mle ndani nakipenda kuliko sifa zote, anasema mabinti wawili walichukua siku moja na nusu kujua herufi na wakati ule aliwaona wazito, mpaka alipoona watoto wengine wanavyochukua muda. Na kila jioni ya wiki ilikuwa na mtoto wake wa kukaa naye peke yake kuzungumza, ya John ilikuwa Alhamisi. John mtu mzima kabisa alikuwa bado anaikumbuka Alhamisi yake.

Mpaka hapo kila mtu anaitikia. Ila kuna kipande hakisemwi kwenye semina. Wavulana wa Susanna hawakusomea nyumbani mpaka mwisho. John aliondoka akiwa na miaka 10, mwaka 1714, akaenda shule ya bweni ya Charterhouse. Charles akaenda shule ya Westminster na miaka 8, mwaka 1716, ambako kaka yao mkubwa Samuel alikuwa anafundisha. Waliobaki nyumbani ni mabinti, kwa sababu za zama zile ambazo hatuna haja ya kuzitetea. Simaanishi wapelekwe bweni, mabweni ya wakati ule yalikuwa na ukatili wake na ya leo nayo yana ya kwake. Ninachosema ni kwamba mama huyu tunayemtumia kama ushahidi kwamba mama peke yake anatosha, mwenyewe aliwaandaa wavulana wake miaka yao minane hadi kumi ya kwanza halafu wakaingia kwenye mikono ya watu wengine.

Na ukishaliona hilo kwa Wesley unaanza kuliona kila mahali. Timotheo alifundishwa maandiko toka utoto na mama yake Eunike na bibi yake Loisi, baba alikuwa Myunani na Biblia haituambii kitu kingine juu yake. Halafu akaja Paulo, akamchukua kazini, akamwita mwanangu. Paulo mwenyewe alikaa miguuni pa Gamalieli na mikono yake inajua kushona hema. Samweli alinyonyeshwa na Hana kisha akapelekwa kwa Eli, yule yule aliyeshindwa na wanawe, ajabu ya Mungu hiyo. Mvulana anajengwa nyumbani halafu mahali fulani kwenye miaka kumi na kitu anahitaji mtu mzima mwingine wa kumwangalia akifanya kitu cha kweli, na baba akiwa wa kwanza kwenye foleni ya watu hao. Mama kumfundisha mvulana wa miaka 14 aljebra anaweza vizuri tu, wengine wanaweza kuliko sisi. Asichoweza ni kuwa mwanaume, na kumlaumu kwa hilo ni dhambi.

Tulichofanya sisi ni kidogo na hakina jina la kitaalamu. Jumamosi nikaanza kutembea na mmoja mmoja kwenye shughuli zangu, bila mada, kwa zamu, na wiki tatu za kwanza yule mkubwa hakuongea kitu nikajua ananipima. Ibada ya usiku nikaichukua mimi, na simu inabaki chumba kingine. Alipofika 14 akaanza kwenda siku mbili kwa wiki kwa fundi umeme tunayesali naye, na hapo ndo fizikia ikapata maana, manake mama yake alikuwa amefundisha saketi kwa michoro kitabuni wiki nzima na kijana anapiga miayo, siku ya pili kwa fundi akarudi nyumbani anataka kujua kwa nini waya mwembamba unapata moto. Akafungua kitabu mwenyewe. Mama yake alinitazama tu.

Kabla hujampeleka mtoto kwa mtu, hata mzee wa kanisa, weka utaratibu. Kazi ifanyike mahali ambapo watu wengine wapo, asiwe peke yake na mtu mmoja chumba kimefungwa, asiambiwe "hii usimwambie mama", na wewe utokee bila taarifa. Watoto wa kiume nao wanadhulumiwa, na wanaodhulumiwa kwenye mazingira ya imani wanaweza kukaa kimya kwa sababu anayewaumiza ndo anayeongoza maombi. Na mtoto aliyefundishwa kwamba swali ni uasi hatakuwa na mdomo wa kusema siku hiyo. Hapa ndo niliogopa kuliko sehemu zote, nilipojiuliza kijana wangu akifanyiwa kitu atamwambia nani, na jibu likawa sio mimi.

Simu na ponografia, nitasema kwa kifupi tu kwa sababu kila kongamano la wanaume linaliongelea. Pasiwedi na vichujio weka, vinasaidia. Ila mvulana wa familia ya Kikristo akikutana nayo, na atakutana nayo, mara nyingi kinachomwangamiza ni kubaki nayo peke yake. Kama balehe hamkuizungumza akiwa na miaka 10 akiwa bado anacheka, ukija kuizungumza akiwa na 15 itakuwa ni kesi.

Kingine ni huu uanaume wa kikanisa wa siku hizi wa simba na mashujaa, ambao kwenye shule za nyumbani umeingia sana, mitaala mizima ya wavulana ni mapanga na vita. Rebeka alibeba mapacha tumbo moja, Mwanzo 25:27 inasema Esau akawa mwindaji mtu wa nyikani na Yakobo mtu mtulivu anayekaa hemani, na wazazi wakagawana, baba na huyu mama na yule, nyumba ikapasuka. Daudi alikuwa na kombeo na kinubi. Wa pili kwangu anapiga kinanda na haogopi kitu, wa kwanza ana nguvu na analia akiona mnyama amegongwa barabarani. Nisingejua hata kimoja kwa kusoma ripoti ya mama yao jioni.

Halafu kuna serikali. Marekani kufika 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu kusomesha nyumbani, Ujerumani mpaka leo hairuhusu, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya wazazi Wakristo wa kule waliotaka kufundisha wenyewe. Moja ya hoja zilizokubaliwa ni kwamba jamii ina haki ya kutotaka makundi yanayokua pembeni kila moja na ukuta wake. Mi siikubali hukumu ile, naona mzazi ndo wa kwanza. Ila hoja yenyewe siwezi kuicheka, kwa sababu nimeona nyumba ambazo ukuta huo upo kweli, kijana ana miaka 17 na hajawahi kumsikiliza mtu anayempinga kwa heshima hata mara moja, hata baba yake. Kwanza baba yake.

Niliporudi kwenye swali la Yeriko nilikuwa nimejiandaa, nimesoma, nimeuliza wachungaji wawili ambao walinipa majibu mawili tofauti. Tulikuwa njiani tunatembea. Nikamwambia lile swali lako la watoto wachanga nilikujibu vibaya, na jibu kamili sina mpaka leo, ila twende tulitafute. Akasema, "Swali gani?" Uso unaonyesha kabisa anakumbuka. Tukatembea kipande kirefu kimya, halafu akaanza kuongelea mpira.

Sasa ana miaka 16. Wiki chache zilizopita tulikuwa tunamaliza Ayubu asubuhi, zamu ya yule wa mwisho kusoma, naye sasa ana 11. Akafika pale Ayubu anapewa tena wana saba na binti watatu, akasimama, akauliza, "Wale wa kwanza walirudi?" Kaka yake akamjibu kabla yangu, "Hawakurudi. Hawa ni wengine." Yule mdogo akasema sasa hapo amerudishiwa nini, na wote watatu wakageuka, hawakumwangalia mama yao aliyekuwa ndo ameshika kitabu, waliangalia mkono wangu wenye funguo. Nikaziweka mezani, nikavuta kiti. Kazini nilifika saa nne.